Nyumba ya Mirathi na Wageni wa Kulipa

Katika mji wa Lamu, ambao ni mmoja katika miji michache ya mwambao wa Afrika Mashariki iliyoendelea kukaliwa kwa karne nyingi bila ya kukatika, nyumba ya mtu mwenye hadhi haikujengwa kwa ajili ya wenyewe peke yao. Mwashi aliyepewa kazi ya kuinua nyumba ya mawe alijua, kabla msingi haujachimbwa, ya kuwa mbali na vyumba vya wenyewe palitakiwa pawe na chumba cha mgeni, nacho ndicho kiitwacho sabule, na alijua pia mahali pake. Mtu atokaye njiani hupanda vidato viwili vitatu akaingia dakani, penye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, akavuka mlango wa mti wenye nakshi, akafika tekani. Na hapo njia hugeuka kwa makusudi, ili jicho la mpita njia lisipate kukiona kiwanda, yaani ua wa ndani, wala misana, yaani vyumba virefu vilivyo nyuma yake. Sabule huwa karibu na hapo, aghalabu juu, kwa ngazi yake mbali. Mfanyabiashara aliyekuja na jahazi katika upepo wa kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi, ambaye hakuwa na njia ya kurejea kwao mpaka upepo ugeuke uwe kusi, aliweza kukaa humo miezi, akila, akilala, akihesabu shehena yake na kufanya mapatano na mwenyeji wake, wala pasiwe na mwanamke wa nyumba hiyo aliyelazimika kushusha sauti kwa sababu yake. Wabunifu wa mahoteli ya leo hulipwa fedha nyingi watafute faragha ambayo mwashi wa Lamu aliipata kwa ukuta mmoja na ngazi moja.

Mgeni wa sabule hakuulizwa bei ya kulala, lakini si kweli ya kuwa hakulipa. Alilipa kwa kumuuzia mwenyeji wake kwanza kabla ya wengine, kwa kumwamini kwa deni la msimu mzima, kwa kurudi kwake mwaka wa pili akawapita wenyeji wengine waliomwita, na mara nyingine kwa kuoa katika nyumba ile ile akawa si mgeni tena. Takrima ya watu wa pwani ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa na hesabu ndani yake, na watu waungwana hawakuona aibu yoyote katika kuvichanganya viwili hivyo. Kwa sababu hiyo siafikiani na wale wasemao ya kuwa kulaza wageni kwa fedha ni bidaa iliyoletwa na utalii. Kilicholetwa na utalii ni mizani mpya: hesabu iliyokuwa ikifanywa kwa misimu na kwa vizazi sasa hufanywa kwa usiku mmoja mmoja, na hupokewa na mtu mmoja mwenye simu mkononi. Katika badiliko hilo ndimo yalimozaliwa mashaka yote ya nyumba za wageni za kifamilia, na makala hii imekusudiwa kuyaeleza mashaka hayo kwa mapana yake.

Habari ya kuanza kwa nyumba hizo si ndefu. Mwaka 1962 Mwingereza Percy Petley alifungua nyumba ya wageni mbele ya bahari katika mji wa Lamu, na mwaka 1967 ikafunguliwa hoteli ya Peponi katika kijiji cha Shela, umbali wa mwendo wa miguu kwa njia ya ufukweni, nayo mpaka hivi leo ni mali ya familia. Katika miaka ya 1970 wakaja vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na fedha kidogo, wakalala juu ya dari chini ya makuti kwa shilingi chache, na wengi katika wenye nyumba walitambua hapo kwa mara ya kwanza ya kuwa chumba kitupu ni mali. Mwaka 2001 UNESCO ikautia mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya turathi za dunia. Na kabla ya hapo na baada ya hapo wakaja wanunuzi, ambao hawakutaka kulala usiku mmoja bali walitaka nyumba yenyewe. Magofu ya Shela yaliyokuwa yakiota mibuyu michanga ndani ya kuta zake yakanunuliwa, yakajengwa upya kwa ustadi, yakapata mabwawa ya kuogelea na watunzaji. Basi mwenye nyumba wa mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, aliyeachiwa na wazee wake kuta nene, boriti zilizochoka na madeni, akawa na njia tatu mbele yake: kuuza, kuiacha nyumba ianguke, au kuweka vitanda na kuandika jina juu ya mlango.

Wengi walioichagua njia ya tatu hawakuichagua kwa kupenda biashara. Waliichagua kwa kuwa nyumba haiuziki bila ya ridhaa ya warithi wote, na warithi wote hawajapata kukaa katika jamvi moja tangu siku ya matanga. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami naomba msomaji anistahimilie nikifanya hesabu.

Tuchukue mfano wa mtu aliyefariki akaacha nyumba moja yenye vyumba 6 vya kulala, mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mujibu wa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mjane hupewa thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kilichobaki hugawiwa watoto, mwana wa kiume akipata fungu la mabinti wawili. Katika mfano huu hesabu hutoka safi: nyumba ni mafungu 8, mama ana 1, kila binti ana 1, na kila mwana wa kiume ana 2. Hakuna ugomvi, na kadhi haoni taabu kuandika. Lakini nyumba haigawanyiki kama nazi katika soko, kwani ina ngazi moja, kisima kimoja na mlango mmoja. Kwa hiyo husemwa iachwe ilivyo, ifanyiwe kazi, na mapato yagawiwe kwa mafungu. Miaka kumi ikapita, na yule mwana mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, akafariki naye, akaacha mama yake, mke na watoto. Sasa mafungu yake 2 hurithiwa: mama hupata sudusi, ambayo ni theluthi ya fungu, mkewe hupata thumni, ambayo ni robo ya fungu, na kinachobaki ni cha watoto wake, ambao pengine hawajapata kuiona Lamu ila katika picha. Yule mjane wa Jeddah ana robo ya fungu katika mafungu 8, yaani sehemu moja katika 32 ya nyumba nzima. Ukimpimia kwa vyumba 6, haki yake haifiki hata khumusi ya chumba kimoja. Na pamoja na udogo wake, haki hiyo ni kamili mbele ya Mungu na mbele ya mahakama ya kadhi, ambayo Katiba ya Kenya imeipa madaraka ya kuhukumu mambo ya mirathi baina ya Waislamu, na pasipo saini yake nyumba haiwezi kuuzwa, wala kuwekwa rehani benki, wala kukodishwa kwa muda mrefu.

Na katika Lamu kuna jambo jingine la kuongeza, ambalo watu wa bara hustaajabu walisikiapo. Desturi ya mji huu tangu zamani ilikuwa baba akiwa na uwezo humjengea binti yake nyumba, au humwongezea orofa juu ya nyumba ya mama yake, au huvusha wikio juu ya njia ili nyumba mbili za jamaa ziungane, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Kwa hiyo si nyumba chache ambazo mizizi ya umiliki wake iko kwa wanawake, kwa hiba ya mdomo iliyoshuhudiwa na watu ambao wote wamekwisha kufa. Mwana wa kiume aliyesimama leo katika meza ya mapokezi akijiita mkurugenzi, huenda hana katika nyumba hiyo ila kile alichopewa na dada zake kwa upole.

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanywa. Alfajiri, kabla wageni hawajaamka, kuna mtu aliyekwisha kuponda iliki, kukanda unga wa mahamri, kuziweka mbaazi motoni na kukuna nazi. Mchana kuna mtu afuaye mashuka kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hayatoi povu na huziacha nguo nyeupe zikiwa na rangi ya majani makavu. Jioni kuna mtu atengenezaye samaki wa kupaka kwa namna ambayo mgeni huisifu mpaka arudipo kwao. Mtu huyo ni dada, au mke wa kaka, au shangazi aliyefiwa na mumewe. Gatini, panapofika boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, yuko kaka, ambaye anajua Kiingereza, na Kiitaliano kidogo, na ndiye anayepokea fedha. Mwisho wa msimu, anapoulizwa hesabu, husema fedha zimekwenda katika pampu, na katika rangi, na katika leseni ya kaunti. Na mara nyingi husema kweli. Dada naye hujibiwa ya kuwa yeye ana fungu lake, na fungu litatolewa faida ikipatikana. Huu ndio ulaghai mkubwa wa biashara za jamaa, nao ni mkubwa zaidi kwa kuwa wanaoufanya hawajui kuwa wanaufanya. Fungu la mirathi ni haki ya mtu aliyekaa tu. Angekuwa Jeddah au Toronto angelipata vile vile. Ujira ni haki ya mkono uliofanya kazi. Mtu anayelipwa fungu badala ya ujira amefanya kazi bure, na yule ndugu wa ughaibuni amelala akachumiwa.

Nimeona katika nyumba chache, nazo ndizo zinazodumu, jambo hili likipangwa kwa insafu: kila mwenye kufanya kazi ndani ya nyumba huandikiwa mshahara wa kila mwezi kama angekuwa mtu wa nje, kaka wa gatini na dada wa jikoni kwa daftari moja, kisha hutengwa fedha za kutengeneza nyumba, na kinachosalia baada ya hapo, kiwe kingi au kidogo au hakipo, ndicho kigawiwacho kwa mafungu. Mara ya kwanza mpango huu huleta manung'uniko, hasa kwa wale walioko mbali, ambao walizoea kudhani ya kuwa kila mgeni anayepiga picha juu ya dari anawapelekea wao dola. Lakini daftari likiwa wazi manung'uniko hupungua.

Na fedha za kutengeneza nyumba si jambo dogo. Kuta za Lamu ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita. Na upana wa vyumba vyake, ambao hauzidi mita tatu, umeamriwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chokaa ile hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kulazwa kwa muda mrefu kabla haijapakwa. Na ukuta uliopakwa chokaa hunyonya unyevu wa masika na kuutoa tena wakati wa kiangazi. Fundi wa siku hizi, ambaye amejifunza saruji na hana subira ya kungojea chokaa ilale, hupaka saruji juu ya ukuta ule, nao hupendeza kwa muda. Baadaye chumvi na maji yaliyofungiwa ndani hutafuta njia ya kutokea, lipu hupasuka na kumenyuka kwa mapande makubwa, na vidaka vilivyochongwa kwa mikono katika karne ya kumi na nane huanguka pamoja nayo. Nyumba imekwisha kutiwa hasara kwa jina la ukarabati. Boriti nazo huliwa na mchwa na kuoza mahali zinapoingia ukutani, na kupata nyingine si rahisi kama zamani: Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, marufuku hiyo iliwagusa wakataji wa mikoko wa Lamu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo. Mawe hutoka Manda kwa mashua, hupakuliwa pwani, na kutoka hapo hubebwa na punda, mfuko mmoja huku na mfuko mmoja huku, katika njia ambazo pengine punda wawili hawapishani. Mtu afikiriaye gharama ya nyumba ya Lamu kwa bei ya matofali ya Nairobi hajui analolifikiria. Na juu ya yote, nyumba ikiwa katika eneo la hifadhi, haibomolewi ukuta wala haiongezwi orofa bila ya kushauriana na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, sharti ambalo wenye nyumba hulilalamikia sana, nami naliona ni la haki, kwani mgeni hakuvuka bahari ili aje kuona madirisha ya alumini.

Kuna starehe ndogo ndogo za zamani ambazo ni afadhali kuliko zilizoletwa. Birika la chooni, lenye visamaki vidogo vinavyokula mabuu ya mbu, ni moja. Joto la adhuhuri ambalo halipenyi ukuta ni jingine. Mgeni akielezwa kwa nini chumba chake ni chembamba na kirefu, na kwa nini vidaka vimepangwa vile ukutani, hulala humo kwa furaha kuliko katika chumba kipana chenye mtambo wa baridi. Asipoelezwa, hulalamika.

Tuseme sasa habari ya misimu. Mwezi wa Desemba na Januari, na tena Julai na Agosti, vyumba hujaa. Lakini toka Aprili, masika yanapoanza na kusi kupiga kwa nguvu, njia za Shela huwa kimya, na hata mahoteli mashuhuri hufunga milango kwa muda. Katika mwezi wa Mfungo Sita huja Maulidi, ambayo msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, umeyafanya kuwa mkutano wa Waislamu wa mwambao wote, na hapo nyumba hujaa tena, mara hii kwa watu wa Mombasa, Malindi, Unguja na Ngazija. Ni nani katika hawa atakayelipa? Binamu wa mama mkubwa amekuja na watoto wanne, naye anakumbuka ya kuwa utotoni alilala katika chumba hiki hiki, ambacho leo kina nambari mlangoni. Kumtoza ni aibu. Kumlaza bure, pamoja na wengine kama yeye, ni kula mshahara wa mpishi. Nyumba zilizotulia zimelikata jambo hili kwa kutenga chumba kimoja, aghalabu sabule yenyewe, kiwe cha jamaa mwaka mzima na kisiuzwe kamwe, na jamaa wakizidi hutandikiwa mikeka darini. Ama ile methali isemayo kuwa mgeni wa siku ya tatu apewe jembe, mwenye hoteli hana budi kuisahau, kwani mgeni wa kulipa akikaa siku ya tatu ndipo anapoanza kuleta faida.

Halafu kuna heshima ya nyumba. Mgeni hutaka kunywa chai yake kiwandani asubuhi, na kiwanda ndipo mahali pa wanawake pa kufanyia kazi zao bila ya buibui. Familia nyingine zimegawa kwa orofa, wenyewe chini na wageni juu. Nyingine, na hili huniumiza kulisema, zimehama kabisa, zikakodi vyumba viwili vya makuti huko katika mitaa ya Gadeni au Langoni, na mgeni akalala katika chumba cha bibi yao. Hawalaumiki, lakini nyumba iliyohamwa na wenyewe hugeuka upesi kuwa jengo tu: hakuna asikiaye dari ikivuja usiku, na mgeni aliyeahidiwa kukaa na familia ya Waswahili hukaa na mlinzi. Kuhusu pombe sina maneno mengi. Katika mji wa Lamu imeuzwa siku zote mahali pachache tu, na mwenye nyumba asiyetaka kuiona chini ya dari ya wazee wake ana haki. Wajibu wake ni kulisema hilo mapema, kabla mgeni hajalipa, pamoja na habari za Ramadhani na za mavazi katika njia za mji, ili asije mtu akahisi amedanganywa.

Yanapokuja maafa, nyumba ya jamaa hupata pigo ambalo shirika kubwa hulisambaza katika nchi kumi. Mwezi wa Septemba 2011 mtalii wa Kiingereza aliuawa huko Kiwayu na mkewe akatekwa, na mwanzo wa Oktoba mama mmoja wa Kifaransa akatekwa Manda, naye akafia mikononi mwa watekaji. Wageni wa Krismasi ya mwaka ule hawakuja. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulio ya Mpeketoni na vijiji vya karibu, na kaunti nzima ya Lamu ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, hata wavuvi, ambao hawana wakati mwingine wa kwenda baharini, wakakaa na nyavu zao. Machi 2020 Kenya ikafunga safari za ndege za nchi za nje kwa ajili ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa tena tarehe 1 Agosti. Katika kila tukio la namna hiyo wafanyakazi wasio jamaa huachishwa kwanza, na wale walio jamaa hubaki bila ya mshahara, wakila samaki na wali wa nyumba moja. Hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wa fedha hawaliandiki katika vitabu vyao: nyumba ya jamaa huweza kukaa mwaka mzima bila ya mgeni na isife, kwa sababu hakuna kodi ya pango ya kulipa na chungu ni kimoja. Nguvu yake na udhaifu wake vimetoka mahali pamoja.

Kwa upande wa mapato, heri mtu asijidanganye. Tukadirie, kwa ukarimu, ya kuwa vyumba vile 6 vimelaliwa nusu ya masiku ya mwaka, yaani malazi 1,095, na kila usiku ni shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 6,570,000. Mtandao wa kuwekea nafasi, ambao ndio uletao wengi siku hizi, huchukua kiasi cha asilimia 15. Ikiwa wote wamekuja kwa njia hiyo, shilingi 985,500 zimekwenda kabla ya chai kuchemka. Tozo ya utalii ni asilimia 2. Na kwa kuwa mauzo yamevuka shilingi milioni 5 kwa mwaka, nyumba inapaswa kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani, nayo ni asilimia 16. Kisha ndipo ianze mishahara, umeme, gesi, boti, makuti mapya na leseni. Anayefikiri ya kuwa kitakachobaki kitawatajirisha warithi kumi na wawili hajui kutoa. Kitakachobaki, kikitumiwa kwa busara, kitaisimamisha nyumba, kitawapa watu wanne au watano kazi ya heshima, na kitamfanya mtu wa Lamu aendelee kuwa mwenyeji katika mji wake. Nami kwa maoni yangu hayo si haba.

Huko Unguja habari ni nyingine kidogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na Serikali, na mahoteli mengi yaliyofunguliwa baadaye yamekodishwa au kuuziwa watu wenye mitaji, wa ndani na wa nje. Kwa hiyo mwenye hoteli wa mtaa wa Shangani huko aghalabu hujadiliana na ofisi, ambapo mwenzake wa Mkomani hujadiliana na shangazi. Sijui kama yupo awezaye kusema kwa yakini ni nani kati yao aliye katika dhiki zaidi.

Njia za kuondoa fitina zipo, wala si ngeni. Ipo wakfu wa aila, ambayo huizuia nyumba isiuzwe na huwapa wazao manufaa yake kwa masharti aliyoyaweka mwenye kuwakifu, nayo ni njia ya wazee wetu. Walakini mwenye kuwakifu sharti awe hai na awe na miliki iliyo wazi, na msimamizi asiye mwaminifu huila kama alavyo mali nyingine. Ipo njia ya kuanzisha kampuni, kila mrithi akapewa hisa kwa kadiri ya fungu lake, ili mtu atakaye kujitoa auze hisa zake kwa nduguye kwanza, pasihitajiwe kubomoa ukuta wala kufika mahakamani. Ipo, na hii ndiyo nyepesi, hati ya mapatano ya kurasa mbili: nani anafanya kazi na kwa mshahara gani, kiasi gani hutengwa kwa ajili ya chokaa na boriti, nani anashika funguo na kwa muda gani, hesabu husomwa lini na mbele ya nani. Nyumba yoyote iliyo na hati hiyo ina nafuu, na zilizo nayo ni chache mno.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba wa Lamu, na wenzao wa Mombasa, Pate na Malindi walio katika hali hiyo, na hasa wale ambao mama zao wangali hai na wana kumbukumbu ya nani alipewa nini na nani: kabla ya kununua godoro jipya, kabla ya kupiga picha za mtandaoni, kaeni siku moja, waiteni na walio ughaibuni kwa simu, mwende kwa kadhi mkaandike.